Mwaka Niliojifunza Kusema kwa Mkato

Tulimzika Mzee Luhende kule Ibadakuli siku ya Jumamosi, saa nane mchana, jua likiwa halina huruma hata kidogo. Katikati ya ibada ndege ikashuka kuelekea uwanjani, chini chini, mchungaji ikabidi anyamaze na Biblia yake mkononi mpaka mngurumo uishe. Ilipofika zamu ya salamu za pole, mjukuu wa marehemu aliyekuwa akiongoza shughuli akashika kipaza sauti akasema, "Wazee wangu, mama zangu, watu wametoka mbali na jua ni kali. Naomba tuseme kwa mkato, kama babu mwenyewe alivyokuwa." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo na kanga. Mimi sikucheka. Nikaitwa mbele niseme kwa niaba ya wenzake wa machimboni, maana kati ya wote waliofanya kazi naye mwaka ule nilikuwa nimebaki peke yangu. Nilitaka kusema kwamba marehemu alikuwa mkweli. Neno hilo nikaliacha. Nikasema, "Alitufundisha kazi. Apumzike." Nikarudi kukaa, na mzee mmoja pembeni yangu akaninong'oneza kwamba nimefanya vizuri, wengine wangetumalizia saa nzima.

Neno hili, kwa mkato, watu wanalichukulia kirahisi. Wanalifanya pacha wa kwa ufupi, wakati hata ujirani hawana. Anayesema kwa ufupi ana mengi, ila anakuonea huruma. Anakupa yale ya muhimu, na ukimwomba ataongeza. Anayesema kwa mkato hakupi nafasi ya kuomba. Ndiyo maana mke wangu akinishtaki kwa ndugu zake husema, "Nikimuuliza kitu ananijibu kwa mkato," nao huguna, kwa kuwa wanajua hapo pana ugomvi. Hakuna ugomvi. Tangu tuoane, pale Ngokolo, mjini Shinyanga, hajapata kuamini kwamba zamani nilikuwa muongeaji. Nilikuwa muongeaji bwana, sikufichi! Shuleni waliniita Redio. Ningeweza kwenda sokoni na kurudi nikiwa na mtu nisiyemjua, na tukiagana anajua maandazi ya mama yangu yanatiwa iliki, anajua paa letu linavujia upande upi na mbuzi wetu kala nguo ya nani. Mdomo ule nilikwenda nao machimboni upande wa Geita nikiwa na miaka ishirini, nikarudi bila. Tangu hapo nimekuwa fundi baiskeli, kazi isiyodai maneno: rimu imepinda, unainyoosha. Lakini kalamu yangu haikwenda machimboni, kwa hiyo hapa nitajiachia.

Duara, kwa asiyelijua, ni shimo la kuchimbia dhahabu, jembamba kiasi cha kumeza mtu mmoja mmoja, na kuta zake huzuiliwa na magogo tunayoyaita matimba. La kwetu lilishuka karibu mita arobaini, kisha likakata kona kufuata mwamba. Juu ya mdomo wake palikuwa na gogo la kuzungusha lenye kamba, na mimi niliajiriwa kuwa mtu wa kamba. Luhende ndiye aliyekuwa msimamizi. Wakati huo hakuwa mzee. Alikuwa na kama miaka arobaini, mrefu, macho mekundu ya vumbi, na harufu ya tumbaku ilimtangulia popote. Siku ya kwanza, wenzangu wakiwa chini, nikainama mdomoni nikapaza sauti kwa furaha yangu yote: "Jamani, habari za huko! Mimi naitwa Shija, natokea Shinyanga mjini, ndiye nitakayekuwa nawavuta kuanzia leo, kwa hiyo msiwe na wasi..." Sikumaliza. Luhende alinivuta kola mpaka nikakalia vumbi.

"Neno moja," akasema.

"Nisamehe mzee, nilikuwa nawasalimia tu, maana mtu ukifika ugenini..."

"Neno moja!"

Basi nikafundishwa upya kuongea, mtu mzima na ndevu zangu. Vuta. Shusha. Tulia. Maji. Na neno kubwa kuliko yote, Hewa, ambalo likitoka chini huulizi kitu, unaita watu na kuzungusha gogo kama mwendawazimu, kwa kuwa aliyelisema amebakiwa na pumzi chache. Sababu ilikuwa ya maana. Sauti ikishuka umbali ule na kukata kona inagonga kuta, maneno yanapandana, na wa chini anasikia fujo tupu. Tena huko chini pumzi ni ya kubania. Anayeipoteza kwa hadithi atakuja kuitafuta baadaye. Nililielewa hilo siku ileile. Sababu ya pili niliipata jioni, tulipokaa kwenye banda la miti na turubai alilopikia Mama Neema, mpishi wetu, mwanamke wa Kahama mwenye mikono mipana na moyo mwepesi. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na nsansa, majani makavu ya kunde aliyoyapika na karanga, na mle bandani mlikuwa kimya kuliko kanisani.

Hatua nane kutoka duara letu palikuwa na duara la zamani lililofunikwa magogo na udongo. Lilititia kabla hatujafika. Watu walibaki humo, haikuwezekana kuwatoa, na wenye nalo walihama. Nilikuwa nimelipita mchana kutwa nikidhani ni kichuguu. Luhende akatafuna, akameza, akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema mwaka ule. "Wale wanaongea," akasema. "Wana nafasi. Hawasemi kwa mkato, haraka ya nini? Utasikia sauti ndefu duarani kwetu. Itakusalimia. Itauliza habari za kwenu. Usijibu."

"Nikijibu?"

"Itaomba kamba."

"Na nikiipa kamba, mzee?"

Hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye sahani. Kijana aliyekaa mkono wangu wa kulia akasema, "Chumvi," nami nikampa chumvi.

Kijana huyo alikuwa Maganga, mtu wa Kishapu, ananizidi miaka mitatu hivi, na mkeka wake uligusana na wangu kibandani. Alikuwa fundi wa mkato kuliko Luhende mwenyewe. Alikuwa na misimu kadhaa duarani na maneno yalikuwa yamemwisha, au ndivyo nilivyodhani. "Mvua," angesema, akainuka kwenda kukaza turubai. "Homa," angesema, akajifunika. Mimi nilimmwagia maisha yangu yote. Nilimwambia habari za Ngokolo, za mama na maandazi yake, za msichana mmoja wa karibu na kanisa aliyenikataa mbele ya watu. Alisikiliza akiwa amelala chali, na mwisho angesema, "Pole." Siku moja alirudi kutoka gulioni na viatu vidogo vya plastiki vyekundu. Nikamuuliza vya nani. "Minza," akasema. Nikamuuliza Minza ni nani, mtoto wake? "Mdogo." Kupata hayo mawili ilikuwa kazi ya jioni nzima, nami nilimpenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuniita Redio.

Watu wa mjini wakisikia haya hudhani tulikuwa washirikina au wajinga. Wangekaa pale saa saba mchana wakaona. Saa saba karasha, mashine za kusagia mawe, zilizimwa zote watu wapate kula, na ukimya ulioshuka baada ya kelele zile ulikuwa unaumiza masikio. Hapo ndipo sauti zilipokuja. Si usiku, kama watu wanavyopenda kusimulia. Usiku tulilala kama magogo. Mchana wa jua kali, vivuli vikiwa vimejikunja chini ya miguu, ungesikia kutoka ardhini minong'ono ya watu wengi wenye subira, wanaopokezana maneno, mmoja akimaliza mwingine anadakia. Sikupata kushika neno hata moja. Mama Neema angeacha mwiko sufuriani, akainamisha kichwa, akasema, "Wanaongea," kwa sauti ya mtu anayesikia majirani wamerudi shamba. Kisha angeendelea kusonga. Labda ulikuwa upepo kwenye mashimo. Nilijiambia hivyo wakati ule, na nikiwa kwangu Ngokolo najiambia bado, lakini pale machimboni hakuna aliyesema upepo.

Kilichonitisha zaidi ni jinsi mkato ulivyoniingia mimi mwenyewe. Ilipofika kiangazi nilikuwa nimeacha kusimulia. Kwanza niliacha duarani, kisha kwenye chakula, kisha hata mkekani. Nilimwandikia mama barua: "Mzima. Kazi ipo. Salimia wote." Baadaye aliniambia alilia siku hiyo, akaipeleka kwa mwalimu wa jirani kumuuliza kama huo kweli ni mwandiko wangu, maana aliamini nimekufa na mtu mwingine anamficha. Loh! Kumbe mimi nilijiona nimekomaa. Luhende alianza kunikubali kwa kichwa asubuhi. Nilijisikia mwanamume kati ya wanaume, na sauti ndefu za saa saba sikuziogopa tena sana, kwa kuwa nilijua sheria yake na sheria ilikuwa nyepesi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Luhende na wengine walikwenda porini kukata matimba mapya. Chini alikuwa Maganga peke yake, akimalizia kujaza viroba vya mawe, na juu nilikuwa mimi peke yangu. Saa saba karasha zikazima. Nilisubiri aseme "Vuta" apande kula. Hakusema. Nikakaa juu ya kiroba, nikajifuta jasho, na ndipo sauti ikaja kutoka kwenye mdomo wa duara letu, si lile la zamani. Letu.

"Shija," ikasema. "Mwadila, Shija."

Hiyo ni salamu ya mchana ya Kisukuma, na mtu wa kwetu akisalimiwa ulimi hujibu wenyewe. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Shija ndugu yangu, za tangu asubuhi? Umekula? Mama Neema kapika nini leo, maana harufu haijafika huku. Huku pamepoa, wewe! Nimekaa. Sijapata kukaa vizuri hivi tangu nije machimbo haya. Mama hajambo Ngokolo? Bado anatia iliki kwenye maandazi? Siku nikija nitakula mpaka aone aibu kunikatalia."

Ilikuwa sauti ya Maganga, na haikuwa. Ilikuwa imelegea, ilikuwa na furaha, ilikuwa na vicheko vidogo katikati ya maneno. Maganga ambaye sijapata kumsikia akisema maneno matano mfululizo alikuwa akimwaga habari kama mama wa sokoni. Nywele zilinisimama. Luhende alisema itasalimia, na imesalimia. Alisema itauliza habari za kwenu, na inauliza. Habari za maandazi nilizitangaza mwenyewe juu ya shimo lile miezi mingapi? Chochote kilichokuwa chini kingeweza kuzisikia. Hata hivyo sikukimbia, naomba niandikiwe hilo. Nilishika kamba nikaitikisa mara mbili, kwa kuwa mtu aliye hai akiona kamba inatikisika huishika na kujibu kwa kuvuta. Nikasubiri. Kamba ikabaki imelegea mikononi mwangu.

"Naiona kamba inacheza," sauti ikasema, ikacheka. "Inacheza yenyewe, hebu iangalie! Iache icheze. Shija, kwetu kuna kisima, sijakwambia? Ukienda asubuhi na ng'ombe nyuma yako, ukichungulia unakuta wameshafika, wako ndani ya maji, wanakutazama kutoka chini. Minza alikuwa analia, hataki kuchota. Nikamwambia, usiogope, wale ni ng'ombe wa watu wa chini, nao wana kiu kama wetu. Akanyamaza. Sasa kila asubuhi anawasalimia kwanza wale. Shija? Mbona hujibu? Umenuna? Haya, nitaongea peke yangu mpaka mnuno uishe."

Hapo ndipo nilipoondoka. Nilirudi kinyumenyume mpaka bandani kwa Mama Neema, hatua thelathini hivi. Akaniona uso. "Vipi?" akauliza. Nikamwambia, "Sauti." Akauliza, "Ndefu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaepua sufuria, tukasikiliza wote wawili. Kutoka pale maneno hayakushikika, ulikuwa mvumo tu, ukipanda na kushuka, na mara moja moja kicheko. "Maganga?" akauliza. Nikamwambia yuko chini. "Si yeye," nikasema. "Maganga haongei." Akaguna kukubali, kwa kuwa kambi nzima ilijua hilo. Akanipakulia ugali na dagaa. Na sikufichi, msomaji wangu, ingawa ningependa sana kukuficha: nilikula. Nilikula sauti ile ikiendelea kuongea, na kabla sijamaliza sahani ikakoma, katikati, kama mtu aliyeitwa.

Luhende aliporudi na wenzake wakiwa wamebeba magogo mabegani, nilikuwa nimesimama mdomoni mwa duara. Akauliza kwa macho. "Sauti ndefu," nikasema. "Maganga?" akauliza. "Kimya," nikasema. Gogo lilimdondoka kutoka begani. Alilowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, akajifunga usoni, akajifunga kamba kiunoni, tukamshusha bila kusemeshana. Muda haukuwa mrefu. Likaja neno, "Vuta," tukavuta, tukadhani tunamvuta yeye, kumbe alikuwa amemfunga Maganga. Alikuja juu kichwa kimelala begani, suruali imelowa mpaka mapajani, mdomo wazi kidogo. Kisha tukamvuta Luhende. Alipiga magoti, akaweka vidole shingoni kwa Maganga, akaviacha pale. Halafu akasema, akinitazama mimi na si marehemu, "Amepoa. Kitambo."

Maneno mawili. Nimeishi juu ya hayo mawili, hasa la pili. Kitambo! Ikiwa alikufa kitambo, basi alikufa kabla ya saa saba, kabla sauti haijanisalimia, na niliyemwacha aongee peke yake hakuwa Maganga. Lakini kitambo ni kitambo gani? Ni tangu asubuhi, au tangu nilipoketi kula? Kule chini kulikuwa na maji, na mtu aliyekaa majini hupoa upesi. Miaka mingi baadaye alikuja mtaalamu Shinyanga kutufundisha mafundi habari za usalama kazini, akasema mtu aliyekosa hewa safi hulewa kabla ya kuzimia. Wengine hucheka, wengine huongea sana, hawajui hata kwamba wako hatarini. Nilitoka nje ya ukumbi kabla hajamaliza. Kisha nikajikusanya. Luhende kasema kitambo. Tena hata kama ni pombe ya hewa, Maganga hakuwa mtu wa maneno. Bubu akilewa haanzi kuimba. Nilijifariji hivyo, na nilipokutana na Luhende mjini, mara moja kwa mwaka au miwili, tulisalimiana tu. Sikupata kumuuliza. Niliogopa atasema neno jingine.

Jumamosi ile kaburini, watu wakianza kutawanyika, alinijia mama mmoja wa makamo, kitenge cha bluu, mwendo wa mtu aliyezoea kutembea mbali. "Shikamoo kaka," akasema. Nikamwitikia marahaba. "Wewe ndiye Shija. Mimi Minza, mdogo wake Maganga. Watu wananiita Mama Holo." Nilikuwa nimemwona mara moja tu, tulipopeleka mwili Kishapu: kitoto kimeshika sketi ya mama yake, na Luhende mbele yangu akiwaambia wazazi, "Amefariki. Hewa," na kitoto kile kikituangalia midomo kwa kusubiri tuongeze. Hatukuongeza. Minza akaniambia kwamba Luhende alikuwa akiwatembelea kila baada ya mavuno, anawaletea gunia la karanga, anakaa, anakunywa maji, anaondoka. "Miaka yote sijapata kumtoa neno," akasema. "Mama alikufa na maneno yenu yale mawili. Sasa wewe ndiye umebaki. Njoo nyumbani unipe mengine."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Nilimkuta uani, nyuma ya ua wa minyaa, anapukuchua mahindi na binti yake Holo na watoto wengine wawili. Nikaletewa kiti, uji wa mtama, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimechemshwa vikalainika. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa mkato. Kilichotokea sikijui. Nilianza na duara, kamba, sheria ya Luhende, na nilipofika saa saba ya siku ile mdomo ukafunguka. Nilimwambia salamu jinsi ilivyosalimia. Nilimwambia maandazi, ubaridi, kamba inayocheza, kisima, ng'ombe wa watu wa chini. Niliona sikuwa nimesahau hata kicheko kimoja. Minza aliacha mahindi. Alishika mashavu yake kwa mikono miwili, na nikadhani anaanza kulia, kumbe anacheka, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Ndiye!" akasema. "Jamani, ndiye huyo huyo!"

"Mama Holo," nikasema, "Maganga hakuwa muongeaji."

"Nani, Maganga? Kaka Maganga!" Akapiga makofi. "Hapa nyumbani baba alikuwa anamfukuza aende kuongea na ng'ombe, watu wapumzike. Alikuwa anaongea akila, anaongea akioga. Mimi nililala kwa sauti yake mpaka alipoondoka kwenda huko kwenu, nikakaa wiki nzima usingizi hauji. Holo! Njooni hapa wote, njooni mumsikie mjomba wenu. Kaka, rudia. Rudia pale alipocheka."

Nikarudia. Ningefanya nini? Watoto walikaa chini kunizunguka na Minza akawa anadakia, "Mnamsikia? Mnamsikia?" na akawa anawaonyesha kisima kilipokuwa, kule chini ya mteremko. Nami niliongea kwa sauti ya rafiki yangu ambaye sikuwahi kumjua, aliyebana maneno yake yote miaka mitatu kwa kutii sheria, akayaachia siku moja, kwangu mimi. Nilipofika pale anaposema ataongea peke yake mpaka mnuno uishe, Minza alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, uso wake umekuwa wa msichana, akaniegemea.

"Enhe," akasema. "Na wewe ukamjibuje?"

Ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita nje ya ua. Nikangoja wapite. Hawakuisha upesi.

"Sikumjibu," nikasema. "Niliondoka. Nilikwenda kula."

Aliinuka. Akachukua bakuli la michembe kutoka mbele yangu, taratibu, akaliingiza ndani. Watoto walinitazama, kisha wakarudi kwenye mahindi yao. Nilikaa pale mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikaaga, na Minza akatoka kunisindikiza, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu na mgeni husindikizwa. Njia ya kwenda barabarani ni ndefu, inakatiza kwenye mashamba ya pamba. Nilianza kuongea kabla hatujauacha ua. Nilimweleza habari za Mama Neema, jinsi naye alivyosikiliza na kukubali. Nilimweleza lile neno la Luhende, kitambo. Nilimuuliza pamba mwaka huu imekuwaje, nikamuuliza kama kile kisima bado kina maji, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, nikamwomba tena kwa Kisukuma, nikamwambia kwamba nilikuwa kijana, kwamba niliogopa, kwamba nilimpenda kaka yake. Alitembea kando yangu, mikono ameifunga nyuma, anatazama mbele. Niliongea mpaka tukafika barabarani, na hakunijibu.